Mkono wa Dereva na Mkono wa Gia

Juma lililopita niliwaahidi kwamba jioni ya leo tutayamaliza yale mazungumzo ya visima vya maji ya mvua, jinsi wazee wetu walivyovijenga na jinsi sisi tunavyoviacha vikabomoka. Lakini katikati ya juma imenifikia barua kutoka Tanga ambayo kila nilipoiweka kando iliniita tena, nami mwishowe nikasema visima na vingoje, kwa kuwa vimekwisha kungoja miaka mingi, ilhali mwenye barua anazo siku tatu tu.

Mwenye barua ameomba nisimtaje jina, kwa sababu mkewe bado hajajua ni fedha kiasi gani zilizokwisha kuteketea katika shughuli hii, nami nitamsitiri. Anasema kwamba analo gari la Volkswagen la mwaka 1971, lile la mgongo wa mviringo ambalo injini yake hukaa nyuma, na kwamba tafauti iliyopo baina ya gari lake na mengine ya jinsi ile ni kuwa halina kanyagio la klachi: miguuni pa dereva mna makanyagio mawili tu, la breki na la mafuta, hali mkono wa gia umesimama pale pale pa siku zote, katikati ya viti viwili vya mbele. Kwa muda wa mwaka mzima gari hili lilimwendea kwa adabu. Kisha likaanza visa. Akibadilisha gia, hasa anapopanda mlima, husikia mkwaruzo kama wa mtu asagaye kokoto; na mara nyingine, yumo katika mwendo wake wa kawaida, hakutaka kubadilisha gia wala hakuongeza mafuta, injini hupaza sauti ghafula na gari likalegea, kisha likashika tena kwa kishindo kana kwamba halikufanya kitu. Fundi amelitazama, akatikisa kichwa, akasema giaboksi imekwisha, na kwamba Jumatatu ataishusha. Na bei aliyoitaja sitaisema hewani, ila inatosha kumwoza binti na kuwalisha walioalikwa na wasioalikwa. Naye anauliza: je, akubali ishushwe, au aliuze gari kwa wanunuzi wa vyuma chakavu?

Ningeweza kumwandikia faraghani. Lakini gari la namna hii nalijua, na nalijua kwa njia ile ambayo mtu huijua homa, yaani kwa kuugua. Na katika kulijua nimepata habari ambazo nadhani hata asiyekuwa na gari lolote hatachoka kuzisikiliza kwa dakika hizi chache.

Mimi nililirithi langu kwa mjomba wangu, aliyefanya kazi Uingereza kwa miaka kadhaa na aliporudi Mombasa akarudi nalo melini, likateremshwa Kilindini mwaka 1974, la rangi ya samli iliyoganda. Sisi watoto tulilipa jina la Kobe. Mjomba aliliendesha mpaka macho yake yalipomwambia basi, na alipofariki dunia, Mungu amrehemu, familia ilikubaliana kwamba gari liwe langu, labda kwa kuwa miongoni mwa wote mimi ndimi niliyekuwa sina akili ya kukataa. Ndani yake nilikuta kitambaa cha kufutia kioo, risiti za petroli za miaka na miaka zilizofungwa kwa uzi, na tasbihi ya mbegu nyeusi iliyokuwa imetundikwa kwenye kishikizo mbele ya kiti cha abiria. Tasbihi ile naliiacha pale pale ilipokuwa, kwa heshima, na kwa kudhani kuwa naelewa ilifanya kazi gani.

Sasa, kabla ya kusema ila za chombo, yafaa kwanza kusema chombo chenyewe ni nini, maana gari hili huitwa otomatiki nalo si otomatiki, na mwenye kulichukulia kwa jina lake hulikosea tangu siku ya kwanza. Otomatiki halisi hubadilisha gia lenyewe, na dereva hana taklifu ila kuelekeza na kusimamisha. Gari la gia za mkono humtaka dereva afanye yote mawili, kukanyaga klachi na kusukuma mkono. Hili letu limeshika njia ya katikati: gia utabadilisha wewe kwa mkono wako, lakini klachi italishughulikia gari lenyewe, pasipo kukuuliza. Na sababu ya Wajerumani kuchagua njia hii ya katikati ni udogo wa injini. Injini ya lita moja na nusu ya gari la kwanza la jinsi hii ilikuwa na nguvu za farasi 44 tu, na giaboksi ya otomatiki ya zama zile ilikuwa mlaji mkubwa. Ukiifunga katika injini ndogo kama ile ni sawa na kumtwika punda mmoja mzigo na mwenye mzigo pia.

Basi kampuni ya Fichtel & Sachs, watu waliokuwa na ujuzi wa klachi tangu zamani, ikatengeneza mtambo huu, na katika mwaka ule ule wa 1967 ukatokea, kwa sura tatu tafauti, katika magari matatu ya Kijerumani: Volkswagen hili la watu wa kawaida, NSU Ro 80 iliyokuwa gari la wenye kupenda mambo mapya, na Porsche 911, ambayo kwayo mtambo uliitwa Sportomatic. Wako waliocheka, wakisema gari la mashindano lisilo na kanyagio la klachi ni kama mwanamasumbwi aliyevaa kanzu. Lakini mwezi wa Agosti mwaka huo huo Porsche yenye giaboksi ya namna hii ilishinda yale mashindano ya saa 84 mfululizo katika uwanja wa Nürburgring, siku tatu na nusu za kuzunguka usiku na mchana, na chombo kibovu hakiwezi hilo. Nalisema hili kwa sababu mafundi wetu wengi, wakiuona mtambo wasiouzoea, huanza kwa kuuita takataka. Volkswagen za gia za kawaida wanazijua sana, na si ajabu: ndizo zilizotwaa ushindi katika mbio za Safari za Afrika Mashariki mwaka 1954, na 1957, na tena 1962, na kila karakana ya pwani na bara imepata kuzifungua. Hii ndugu yake mtulivu ndiyo wasiyoijua.

Ndani yake mna nini? Baada ya injini, kwanza, ipo konvata, chombo cha duara kilichojaa mafuta mepesi. Mfano wake ni mwiko na sufuria: mpishi akikoroga uji mzito kwa nguvu na sufuria haikushikwa, mwisho sufuria nayo itataka kuzunguka kuufuata mwiko, ijapokuwa mwiko haukuigusa, kwa kuwa uji ndio uliochukua nguvu ya mwiko na kuipeleka katika sufuria. Injini ndiyo mwiko, mafuta ndiyo uji, na magurudumu, baada ya hatua kadhaa, ndiyo sufuria. Kwa ajili ya hiyo konvata, gari laweza kusimama kwenye taa za barabarani likiwa ndani ya gia, mguu juu ya breki, na injini isizimike. Baada ya konvata ipo klachi kavu ya kawaida, na baada ya klachi ipo giaboksi ya kawaida yenye gia tatu za kwenda mbele: ile ya milima mikali na mizigo, ambayo alama yake ni herufi ya L, kisha ya kwanza, ya kuzungukia mjini, kisha ya pili, ya njia kuu. Wengi huliondoa gari kwa gia ya pili kila siku, kwa sababu konvata inawaruhusu, kisha wakalalama kuwa gari ni zito na mafuta ya konvata yanachemka. Konvata ni mvumilivu, lakini inaandika deni.

Na klachi inajuaje kwamba dereva anataka kubadilisha gia? Hapa ndipo penye utamu. Mkono wa gia haukuwa kipande kimoja kilicho imara. Mna ndani yake nafasi ndogo mno ya kucheza, na mwisho wa nafasi hiyo kuna swichi. Unapouegemeza mkono wa gia upande wowote, kabla haujaanza kuisogeza gia yenyewe, vipande viwili vya madini hugusana, na umeme hupita kwenda nyuma, katika chumba cha injini upande wa kushoto, kwenye kifaa ambacho nitakiita vali ya amri. Vali hiyo, ikipata umeme, husema “ta!” na kufungua njia ya mvuto. Nao mvuto huo ni wa injini yenyewe, kwa maana injini ya petroli, inapovuta hewa kupitia kabureta, hufyonza kama mtoto afyonzavyo maji ya dafu kwa mrija. Na wahandisi wale waliuazima ufyonzaji huo, wakaupeleka kwa bomba la mpira mpaka kwenye kikopo cha bati chenye ngozi ya mpira ndani yake, ambacho ngozi yake ikivutwa huvuta chuma, na chuma huachisha klachi. Ukiuachia mkono wa gia, swichi hukata, vali hufunga, hewa hurudi ndani ya kikopo, na klachi hushika. Yote haya kwa muda usiozidi wa kupepesa macho mara mbili.

Sasa zingatieni: katika mlolongo huu wote kuna swichi, waya, fyuzi, vali, mabomba ya mpira, na ngozi. Vitu vyote hivi ni vidogo, ni vyepesi, viko nje ya giaboksi, na kila kimoja kati yake kikiumwa, kelele hutoka giaboksini. Fundi husikia gia zikikwaruzana, akashitaki gia. Mwizi ni mwingine.

Ndivyo nilivyoibiwa mimi. Mwaka wa pili wa kulimiliki Kobe, niliteremka kwenda kivukoni Likoni, na pale penye mteremko wa kuingilia ferini, mbele yangu mkokoteni wa maji na nyuma yangu basi, gari lilikataa kwenda. Injini ilinguruma mpaka watu wakageuka. Magurudumu hayakusogea hata shubiri. Wapagazi walinisukuma mpaka ndani, na ng’ambo wakanisukuma mpaka nje, wakaniambia kwa upole kwamba gari kama hili mtu huoa nalo, hasafiri nalo. Nilikwenda karakana moja, ambayo sitaitaja, na mwenyewe akaniambia maneno yale yale aliyoambiwa mwenzetu wa Tanga. Giaboksi ikashushwa. Ilikaa majuma matatu juu ya gunia, imefunguliwa kama samaki, na kila nilipokwenda nilionyeshwa kipande kingine kilicholika. Ilipounganishwa na kurudishwa, nililipa, nikatoka, na kabla sijafika Makupa gia ilikwaruza.

Aliyenitoa katika balaa lile hakuwa fundi wa magari hata kidogo. Alikuwa mzee wa mtaa wetu aliyeishi kwa kutengeneza majokofu, aliyekuja nyumbani kwa ajili ya jokofu letu, akaliona Kobe limesimama chini ya mwembe na bibi yangu ameanika kunde juu ya boneti yake. Akauliza lina nini. Nikamwelezea kwa hasira. Akaomba ufunguo, akakaa kwenye kiti, akawasha swichi lakini hakuiwasha injini, akaniambia, “Nenda nyuma, mwanangu, fungua pale, usikilize.” Kisha akausukuma mkono wa gia kwa kidole kimoja. Sikusikia kitu. Akausukuma tena, upande mwingine. Nikasikia “ta!” Akasukuma tena: kimya. Akashuka, akasema, “Gari lako halina maradhi ya mifupa. Lina maradhi ya kusikia, na pengine ya pumzi pia.” Mtu aliyezoea majokofu, nilifahamu baadaye, amezoea kutafuta kitu kisichoonekana kinachopita katika bomba lisilosema, na kwa hiyo hana haraka ya kushika spana.

Maradhi ya kusikia yalikuwa ndani ya mkono wa gia. Tuliufungua siku ile ile, tukakuta vile vipande vya madini vimeshika ukungu wa kijani, kwa chumvi ya hewa yetu ya pwani, na fauka ya hayo nafasi baina yao ilikuwa imepotoka, upande mmoja vikaribia kugusana na upande wa pili vimeachana mno. Tafakarini matokeo yake. Panapokuwa na uchafu, umeme haupiti, klachi haiachi, na dereva huilazimisha gia kuingia ilhali injini ingali imefungamana nayo: hapo ndipo mkwaruzo. Na pale ambapo vipande vinakaribia kugusana, mtikisiko wowote wa njia huvigusanisha, klachi ikaachia pasipo kuambiwa, na injini ikapiga kelele bure: hapo ndipo aibu ya ferini. Ila moja, mahali padogo kuliko ukucha, yatoa dalili mbili zinazopingana, na fundi asiyejua asili yake atadhani pana maradhi mawili makubwa. Tulisugua kwa kitambaa na karatasi laini ya msasa, tukarekebisha nafasi, na sauti ya “ta!” ikaja kila uliposukumwa mkono, mbele, nyuma, kulia, kushoto.

Maradhi ya pumzi yalichukua muda zaidi, nayo yataka maelezo, kwa kuwa nashuku ndiyo yaliyomshika huyu wa Tanga anaposema gari humkwaruzia hasa mlimani. Mvuto wa injini si sawa wakati wote. Ukiachia mafuta, injini hufyonza kwa nguvu. Ukikanyaga mpaka chini, kama mtu afanyavyo anapopanda, mlango wa kabureta uko wazi na mvuto karibu hupotea. Je, atakayebadilisha gia mlimani atapata wapi mvuto wa kuachisha klachi? Wahandisi waliliona hilo, wakaweka tangi dogo la bati chini ya madigadi ya nyuma, la kuweka akiba ya mvuto, kama vile nyumba isiyotegemea bomba la serikali huweka pipa. Lakini pipa lenye tundu si akiba. Mpira ukipasuka mahali penye joto la injini, na mpira wa miaka hamsini haukosi kupasuka, au bati likaliwa na kutu, basi kwenye tambarare gari litabadilisha gia vizuri, kwa kuwa mvuto wa papo hapo unatosha, na mlimani litakwaruza. Langu lilikuwa hivyo kabisa: Nyali hadi Mtwapa hakuna neno, kuupanda Mazeras, ghasia. Mzee alipitisha mkono juu ya kila bomba, akalikunja kidogo kila kona kutazama kama lina nyufa, na lile lililoonekana zima kuliko yote ndilo lililokuwa limechanika, upande wa chini, mahali jicho haliendi. Bomba jipya liligharimu chini ya kikombe cha kahawa na haluwa.

Lipo pia bomba moja jembamba sana, litokalo kwenye koo la kabureta kwenda kwenye ile vali ya amri, nalo kazi yake ni ya kiungwana. Linaijulisha vali kama dereva anakanyaga mafuta au la, ili, akiwa anakanyaga, klachi ishike upesi, na akiwa amepumzisha mguu, ishike polepole asirushwe mbele. Bomba hili likichomoka, nalo huchomoka kwa kuguswa tu na kiwiko cha mtu anayebadilisha plagi, gari litakuwa zito la kuelewa: utaongeza mafuta, injini itapaa, na klachi bado inajitafakari. Kuna skrubu juu ya vali ya kuurekebisha wepesi huo, na kipimo chake ni rahisi: ukishuka kutoka gia ya pili kuingia ya kwanza pasipo kukanyaga mafuta, klachi ishike taratibu, kwa muda wa kama sekunde moja, bila kushtuka. Lakini nawasihi, skrubu ile isiguswe mpaka mabomba yote yawe yamethibitika kuwa mazima na kichujio cha hewa cha vali kimesafishwa. Vinginevyo utakuwa unairekebisha saa kwa kufuata jua lililofunikwa na wingu.

Tulipomaliza haya niliona nimepona, nikamchinjia mzee kuku. Na kweli, mkwaruzo ulitoweka, Mazeras ikapandwa kama ngazi ya nyumbani. Lakini lile jambo la pili, injini kupaza sauti katikati ya mwendo, halikuisha. Lilipungua, kisha likawa hutokea bila mpango, hasa katika safari ndefu, hasa nilipokuwa nimetulia na nazungumza na abiria. Mzee wa majokofu alilipanda mara tatu, akaliendesha mwenyewe, halikumfanyia. Alianza kunitazama kwa namna ambayo sikuipenda.

Siku moja nilikuwa nampeleka mkaza mjomba Malindi, kwenye arusi. Amekaa kando yangu, kimya, mkoba mapajani. Tulipopita Kilifi injini ikanguruma ghafula, gari likalegea. Nikaanza kuapiza. Naye, pasipo kugeuza kichwa, akanyoosha mkono, akaushika mkono wangu wa kushoto, akaunyanyua kutoka juu ya mkono wa gia na kuuweka juu ya paja langu, kama vile mtu anavyomwondoa mtoto mkono katika sahani ya mwenziwe. Gari likashika, likaenda.

“Mjombako alikuwa na ada hiyo hiyo,” alisema. “Miaka thelathini ameendesha magari mengine, mkono wake ukazoea kulala pale. Ndipo akanunua tasbihi.”

Nilimwambia nilidhani tasbihi ile ilikuwa ya dhikri.

“Ikawa ya dhikri baadaye,” alisema. “Mwanzo ilikuwa ya gia.”

Wasikilizaji wangu, nimeisoma habari ya Ro 80 iliyotoka pamoja na gari letu, nayo madereva wake walitiwa katika taabu hiyo hiyo, maana swichi ya lile iko katika kitasa cha mkono wa gia na vidole vilivyozoea kupumzika pale viliachisha klachi bila kujua. Huu ndio mtihani wa mtambo unaoitii ishara ndogo: huitii pia ishara ambayo hukukusudia. Gia ya kawaida humsamehe mwenye kuiegemea, na malipo yake ni uchakavu wa polepole usiosikika. Hii hupiga kelele papo hapo. Kwa hiyo anayeandika “hakugusa chochote” naomba aangalie tena mkono wake wa kushoto ulikuwa wapi. Simtuhumu. Mimi pia nilikuwa naapa kuwa sikugusa chochote.

Yapo mambo mengine ambayo nitayapitia upesi kwa kuwa saa yanitazama. Klachi ya gari hili hulika kama klachi yoyote, ila kwa kuwa hakuna kanyagio, hakuna mguu wa kuuhisi uchakavu, nao hugunduliwa kwa kupima tu, pale chuma cha kikopo cha mvuto kinapokutana na mkono wa klachi. Uchezaji ukiwa mdogo mno klachi huteleza, ukiwa mkubwa mno haiachi sawasawa, na gia ya kurudi nyuma ndiyo itakayolia mwanzo. Injini inayozunguka upesi mno hali gari limesimama italifanya gari lisukume mbele na gia ya kwanza kuingia kwa kishindo, basi rekebisha kabureta kabla ya kushitaki kitu kingine. Na mafuta: gari hili lina aina tatu, ya injini, ya gia, na yale mepesi ya konvata ambayo tangi lake limo kwenye madigadi ya nyuma upande wa kulia, na kila moja ina mahali pake. Nimeona konvata iliyomiminiwa mafuta ya injini na mtu aliyeona tundu likiwa wazi akadhani linamngoja yeye. Yale mafuta ya konvata yakipungua mara kwa mara na hakuna tone chini ya gari, hapo tu ndipo pana haja ya kufungua, maana huenda sili imechoka na mafuta yanaingia mahali pakavu pa klachi.

Sasa nakurudia, bwana wa Tanga. Jumatatu bado haijafika. Kesho asubuhi, kabla jua halijawa kali, mwombe mtu mmoja asimame nyuma ya gari, kifuniko cha injini kikiwa wazi, na pasiwe na redio, hata hii. Washa swichi, usiiwashe injini. Gusa mkono wa gia kwa kidole kimoja, upande mmoja mmoja, taratibu, mara kumi. Akisikia “ta!” mara zote kumi, swichi yako ni nzima, nenda kwenye mabomba, uanze na yaliyo karibu zaidi na joto, na usiridhike kwa kuyatazama kwa juu. Akisikia mara saba, au tano, fungua mkono wa gia na usafishe. Asiposikia hata mara moja, tazama fyuzi, kisha waya, kisha vali. Na ukikuta yote ni mazima, nenda Pangani na kurudi, mkono wa kushoto juu ya paja, kisha niandikie.

Habari ya visima tutaiendeleza juma lijalo, inshallah.